Mama Redio: "Kwenye stoo ya rangi sichaji, hata mnifukuze"

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Chini ya ngazi ya zege ya jengo ambalo bado halina hata mlango mmoja, mwanamke ameinama juu ya kigae cheupe, anazungusha betri.

Anailaza betri kwenye kigae, anaisukuma kwa ncha ya kidole, kisha anaikodolea macho. Inajivuta kidogo na kusimama. Anaiweka kulia. Anachukua ya pili, ya tatu, ya nne, zote zinasimama. Ya tano inazunguka mzunguko mzima kama pia, na mwanamke anaguna.

"Wewe umeshiba," anaiambia. "Leo hutoki."

Fundi bomba aliye mbele ya foleni anashika kiuno. "Mama, hiyo si ndiyo niliyokuwa nayo jana? Mbona ilipiga kazi mpaka jioni?"

"Na wewe jana ulikuwa umechana nywele. Mambo hubadilika, baba."

Foleni yote inaangua kicheko. Fundi bomba anapewa betri nyingine, anashika njia yake huku akijipapasa kichwa.

Betri nzima ina tumbo bapa, ndiyo maana haizunguki. Ile iliyoanza kuvimba, hata kwa unene wa ukucha, huegemea kitumbo chake na kuzunguka. Jicho haliwezi kuuona uvimbe huo, lakini kigae kinauona. Hakuna mtu aliyemfundisha mama huyu ujanja huo. Aliugundua mwenyewe siku betri ilipomponyoka mezani ikacheza ngoma mbele yake, na tangu siku hiyo hakuna betri inayotoka bila kupita juu ya kigae.

Huyu ndiye Mama Redio. Hana mtoto anayeitwa Redio. Binti zake wawili wana majina yao mazuri tu na wameshaolewa, lakini hapa saiti ukiuliza jina lake la kwenye kitambulisho, watu watakupandishia mabega. Ana miaka arobaini na sita. Kazi yake ni kutunza redio za mkononi, zile za kubonyeza na kusema, kumi na moja kwa jumla. Anazichaji, anazikagua, anazigawa asubuhi, anazipokea jioni, na katikati anamfokea yeyote anayeibeba redio kwa kuning'iniza antena.

"Hiyo ni antena, si mkia wa panya!" anamkemea mlinzi anayepita. "Ikikatika utaongea na nani, na kivuli chako?"

Mlinzi anaishika redio vizuri upesi upesi, kama mwanafunzi aliyefumaniwa na mwalimu.

Ni Jumamosi, na si Jumamosi ya kawaida. Katika mfuko wa kizibao chake cha kung'aa kuna karatasi iliyokunjwa mara nne. Inasema kwamba mfanyakazi anakubali kuzipeleka chaja zote kwenye stoo ya rangi kama alivyoagizwa. Chini kuna mstari wa saini. Ana mpaka saa sita mchana. Asiposaini, karatasi inaeleza, uongozi utachukulia kwamba ameacha kazi kwa hiari yake.

"Kwa hiari yangu!" anasema, na kuipiga karatasi kwa mgongo wa mkono. "Jamani, dunia hii nimeona mengi. Lakini kufukuzwa kwa hiari yangu ndiyo mara yangu ya kwanza."

Kwa mtu wa nje, mvutano huu unaweza kuonekana wa kitoto. Redio ni redio, chaja ni chaja, soketi ni soketi. Kwa nini mtu aumwage unga wake kwa sababu ya mahali pa kuchomeka waya?

Jibu limekaa juu. Dereva wa kreni, mwanamume wa miaka hamsini na ushei ambaye kila mtu humwita Mwewe, hufanya kazi kwenye kibanda cha vioo, juu ya ghorofa zote. Mzigo anaoushusha nyuma ya jengo haoni unakofikia. Anachopata ni sauti ya mwongoza mizigo, anayesimama chini na redio mdomoni.

"Mimi kule juu ni kipofu mwenye nguvu nyingi," anasema Mwewe, akikaza mkanda wake kabla ya kupanda. "Macho yangu yako kwenye mdomo wa mwongoza mizigo. Na mdomo wake uko kwenye betri ya huyu mama. Sasa nichezee huyu mama uone."

Hapa wana utaratibu ambao mgeni huushangaa. Mzigo ukiwa hewani, mwongoza mizigo hanyamazi. Hasemi "shusha" mara moja akatulia. Anasema "shusha, shusha, shusha," bila kukoma, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Sauti ikikatika, iwe kwa kikohozi, kwa betri, kwa kidole kilichoteleza, Mwewe anasimamisha kila kitu papo hapo. Kimya maana yake ni simama. Utaratibu huo haukuletwa na mhandisi. Uliletwa na Mama Redio, na aliupigania miezi mitano mpaka wakaukubali.

Saa moja na nusu, mzigo wa kwanza unapaa. Mama Redio yuko chini ya ngazi yake na redio ya kumi na moja, ile ya akiba, ameipunguza sauti na kuiweka karibu na sikio.

"Shusha, shusha, shusha," inasema redio.

"Anaisogeza karibu mno," ananong'ona. "Vidole vitatu kutoka mdomoni, namwambia kila siku. Anaila redio kama mahindi." Anasikiliza zaidi, kichwa amekiinamisha. "Sawa. Amebonyeza, amehesabu moja moyoni, ndipo akasema. Mtoto amekua."

Huyo anayeitwa mtoto ni baba wa watoto watatu.

Redio ikianza kukwaruza, Mama Redio huwa ameshasimama na betri ya akiba mkononi kabla mtu hajamwita. Betri hiyo huibeba kwenye kifuko cha kitambaa, peke yake. Hamruhusu mtu yeyote kuitia betri mfukoni pamoja na funguo au sarafu, kwa sababu chuma kikigusa vile vidoto vya shaba vya betri, mfuko unawaka moto ukiwa umeuvaa. Fundi umeme wa saiti alidhani anatiwa hofu za bure mpaka suruali yake ilipotoboka. Sasa ndiye rafiki yake mkubwa.

Anapoulizwa haya yote aliyajulia wapi, Mama Redio anaacha kufuta betri. Kitambaa kikavu kinabaki mkononi.

Miaka minne iliyopita, kwenye saiti nyingine, alikuwa mbeba maji. Ndoo kichwani, kutwa nzima, kupeleka kwa wachanganya zege. Mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja, alikuwa fundi nondo palepale. Ni yeye aliyemwombea dada yake kazi. Asubuhi walikuwa wakitoka pamoja na jioni wakirudi pamoja.

Siku hiyo, kabla ya saa ya mapumziko, mwongoza mizigo wa wakati huo alimwita. Betri ya redio yake ilikuwa imechoka na ya akiba hakuwa nayo. "Dada," alimwambia, "niamshie hii."

Mama Redio alijua la kufanya, kama sisi sote tuliokulia kwenye nyumba zenye tochi tungelijua. Betri zikichoka unazianika. Unazipanga juu ya bati, jua linazipiga, jioni tochi inapata nguvu za kuwasukuma siku moja zaidi. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Akaipandisha betri ya redio juu ya bati la stoo, akaiacha saa mbili nzima kwenye jua la utosi.

"Niliporudi kuichukua ilikuwa ya moto hata sikuweza kuishika vizuri," anasema. "Nikafurahi. Nikasema, imejaa."

Haikuwa imejaa. Betri ya tochi ni kitu kimoja, betri ya kuchaji ni kitu kingine kabisa. Jua haliijazi hata tone. Linaipika tu ndani kwa ndani, na betri iliyopikwa huweza kuwasha taa vizuri, ikakupa moyo, kisha ikazima bila kuaga. Taa iliwaka. Mwongoza mizigo akamshukuru. Baada ya dakika ishirini alikuwa akiongoza mafungu ya nondo kushuka kwenye msingi. Alisema "shusha" mara moja, kama walivyozoea, na redio ikafa mkononi mwake.

Dereva kule juu alikuwa ameambiwa ashushe. Aliendelea kushusha.

Mdogo wake alikuwa amechutama mle msingini, ameupa mzigo mgongo, anafunga waya. Watu walipiga kelele, lakini kwenye saiti watu hupiga kelele kutwa nzima, nani asikie? Nondo zikamlalia, na mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti siku ileile.

"Mimi ndiye niliyeianika," anasema Mama Redio. Hakwepeshi macho. "Andika hivyo hivyo. Usije ukaniandikia kwamba 'ajali ilitokea'. Sitaki. Kila mtu alisema ajali, hata polisi walisema ajali. Hakuna aliyeniuliza mbeba maji nilifanya nini juu ya bati. Mimi najua."

Siku ya tatu, mdogo wake alipoamka vizuri hospitalini, alimwambia ukweli wote. Mdogo mtu aligeukia ukutani. Kwa mwezi mzima hakumsemesha. Dada alikuwa akija, anamwogesha, anambadilishia shuka, anaondoka, hakuna salamu wala kwaheri. Anasema hajawahi kuona mwezi mrefu kama ule, na kwamba angekuwa na pa kukimbilia angekimbia.

Siku alipotembea kwa magongo mara ya kwanza, kutoka kitandani mpaka dirishani, jasho likimtiririka, mdogo wake alifungua kinywa.

"Dada, nisogezee kiti," alisema. "Na usikianike."

Mama Redio anacheka anapolisimulia hilo, na machozi yanamtoka wazi bila kuyafuta. "Nililia nikicheka, nikacheka nikilia, muuguzi akadhani nimerukwa na akili."

Tangu hapo hakurudi kwenye ndoo. Alimfuata fundi redio mmoja mjini, akakaa mlangoni pake siku nne akimuuliza maswali mpaka yule bwana akasalimu amri na kumpa kitabu cha maelezo cha zamani. Alikisoma neno kwa neno. Alipohamia saiti hii, hakukuwa na kazi inayoitwa mtunza redio. Redio zilikuwa zinatupwa kwenye ndoo jioni, kila mtu anachomeka anapopata. Yeye ndiye aliyeiomba kazi hiyo iwepo, kwa mshahara uleule wa mbeba maji.

Kwa miaka mitatu alikuwa na chumba chake karibu na geti, cha matofali, chenye dirisha, sakafu ya saruji na meza aliyoibandika vigae. Betri ikitoka juani haichomekwi hapohapo, inapumzika kwanza mpaka ipoe. Redio inazimwa kabla ya kukaa kwenye chaja. Taa nyekundu maana yake inakula, ya kijani imeshiba, na ikishashiba inatolewa, haiachwi kwenye chaja mpaka kesho. Chaja ni ya redio ileile, si ya binamu yake. Na muda wote huo kuna mtu amekaa pale, macho kwenye taa. Kwa miaka hiyo mitatu haukuungua hata waya mmoja.

Miezi mitatu iliyopita akaja meneja mpya.

Wafanyakazi wamempa jina la Bwana Ratiba, kwa kuwa hatembei bila karatasi kubwa ya ratiba aliyoiviringisha kwapani. Ni kijana wa miaka thelathini na minne, na tumpe haki yake: si mtu mbaya. Tangu aje, maji ya kunywa hayakatiki na mishahara haichelewi. Lakini alihitaji ofisi ya kupokelea wageni, na chumba chenye dirisha karibu na geti kilikuwa kimoja tu. Chaja akaziamuru ziende stoo ya rangi.

Stoo ya rangi haina dirisha. Ndoo za rangi zimepandana mpaka darini, madebe ya thina ya kuzimulia rangi, inayoshika moto upesi kama petroli, yamejipanga ukutani, na vitambaa vilivyolowa thina vimerundikwa pembeni. Ukifungua mlango, harufu inakukaba koo kabla hujaingia. Soketi ni moja, nayo inaning'inia. Kando yake kuna sanduku la chaja mpya zisizo na jina, zilizonunuliwa kwa bei ya kutupa. Agizo lilikuwa kwamba betri zichomekwe jioni, mlango ufungwe kwa kufuli mbili, watu waende makwao.

Meneja ana sababu yake. Mwaka jana redio mbili ziliibwa, na stoo hiyo ndiyo pekee yenye kufuli la kuaminika.

"Aliniambia nichomeke, nifunge, nikalale," anasema Mama Redio. "Nikamuuliza, na thina nayo italala?"

Siku hiyohiyo alijitwisha chaja zake za zamani kichwani, kama alivyokuwa akijitwisha ndoo, akavuka saiti yote mchana kweupe na kuzitua chini ya ngazi ya zege. Pande mbili ziko wazi, upepo unapita, sakafu ni saruji tupu. Fundi umeme akamvutia waya safi kutoka kwenye swichi kuu bila kuulizwa na mtu. Tangu siku hiyo Mama Redio anakaa pale saa tatu zaidi kila jioni, bila malipo, mpaka taa ya mwisho iwe kijani, kisha anazibeba redio na kuzikabidhi kwa mlinzi wa geti. Hakuna iliyoibwa.

Barua ya kwanza ya onyo ilisema amekaidi. Ya pili ilisema anahatarisha mali ya kampuni. Alipoisoma ya pili alicheka mpaka akakaa chini. Ya tatu ni hii iliyo mfukoni.

Asidhani mtu kwamba hana cha kupoteza. Nyumbani wako wanne: yeye, mama yake mzazi, mdogo wake na binti wa mdogo wake, aliye darasa la saba. Mdogo wake hushona viatu barazani, na wiki nzuri hutoa sabuni na mafuta ya taa. Kodi ya vyumba viwili, ada na dawa za mama zinamtazama dada mtu. Robo tatu ya mshahara huwa imeshakwenda kabla haujakaa mkononi.

"Nikikosa kazi wiki mbili tu," anasema, "mwenye nyumba ataanza kuniita kwa majina yangu yote matatu."

Jana jioni aliiweka karatasi mezani, mbele ya mdogo wake. Mdogo mtu aliisoma, akaikunja, akamrudishia.

"Ukisaini kwa ajili yangu, nahama," alisema.

"Uhamie wapi wewe na mguu mmoja?"

"Nitaruka."

Hapo mjadala ukafungwa. Mama yao, aliyekuwa amejifanya amelala, akasikika akicheka chini ya shuka.

Saa sita kasoro dakika tano, Mama Redio anajipangusa mikono, anakiweka sawa kizibao chake na kuvuka saiti. Mafundi waashi wanaacha tofali mikononi wakimtazama. Hakuna anayemtania leo. Mwongoza mizigo anamfuata nyuma, kwa kuwa wafanyakazi wamemtuma awe shahidi.

Ofisi ya meneja ndicho kile chumba chake cha zamani. Ile meza yake ya vigae bado ipo, sasa imewekwa chombo cha maua ya plastiki. Bwana Ratiba anasimama kumpokea. Karani ameketi pembeni na kalamu mbili.

"Karibu, mama. Kaa."

"Nimekaa sana chini ya ngazi. Nitasimama."

Meneja anashusha pumzi. "Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Watu wote wanakusifu. Ila mimi nina ratiba, na nina wakubwa wanaoniuliza kwa nini mali ya kampuni inachajiwa chini ya ngazi kama kwenye genge. Saini hapa, yaishe. Kazi yako ipo, heshima yako ipo."

Mama Redio anaitoa karatasi, anaikunjua na kuilaza mezani. Anachukua kalamu.

"Nitasaini," anasema.

Uso wa meneja unafunguka.

"Nitasaini sasa hivi, tena kwa herufi kubwa. Sharti langu ni moja. Twende wote stoo ya rangi. Tuchomeke betri zote kumi na moja kwenye zile chaja zako mpya. Wewe uingie, ukae juu ya ndoo ya rangi, nami nikufungie kufuli zote mbili, kama ulivyoagiza. Saa tatu tu, mpaka taa ziwe za kijani. Ukitoka, nasaini."

Meneja anacheka. Anamtazama karani ili wacheke wote, lakini karani anaangalia kalamu zake. Anamtazama mwongoza mizigo, naye anaangalia dari.

"Mama, mimi nina mkutano saa kumi."

"Utatoka saa tisa. Unawahi."

"Mle ndani kuna joto. Kuna ile harufu..."

"Harufu ya nini, bosi?"

Nje, mashine ya kuchanganya zege inazunguka, na mtu anagonga chuma. Redio kiunoni mwa Mama Redio inakoroma.

"Mwewe kwa Mama Redio," sauti inasema, tulivu, kutoka juu. "Saa sita imepita. Nataka kujua redio za Jumatatu zinachajiwa na nani, na wapi. Nijue kama nitapanda au nitabaki nyumbani nioshe banda la kuku."

Mama Redio anainyanyua, vidole vitatu kutoka mdomoni. Anabonyeza, anasubiri kidogo. "Nimekupata, Mwewe. Subiri. Meneja anafikiri."

Redio zote kumi na moja zimesikia, maana wote wako chaneli moja. Bwana Ratiba anajua hilo. Shingo yake imelowa.

"Unanitisha mbele ya watu?" anauliza, na sasa sauti imepanda. "Wewe ni mhandisi? Ni zimamoto? Umesomea wapi mambo haya?"

"Nimesomea kwenye mguu wa mdogo wangu," anajibu Mama Redio, naye amepandisha yake. "Nilianika betri moja, mwanangu. Moja. Kwa kutojua. Wewe nimekueleza mara tatu, kwa hiyo wewe unajua. Mimi nililia nikasema sikujua. Wewe utasema nini?"

Meneja anaketi taratibu. Anaivuta ile karatasi, anaisoma kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, kisha anachukua kalamu na kuyakata maneno "stoo ya rangi" kwa mstari mmoja. Juu yake anaandika "mahali pengine panapofaa". Anairudisha kwa Mama Redio, bila kumtazama usoni.

Mwongoza mizigo tayari ameanza kutabasamu. Mtu mwingine angesaini hapo, akashukuru, akaenda kula.

Mama Redio anaisoma polepole, midomo ikicheza. Kisha anailaza kalamu juu ya meza.

"Panapofaa kwa nani?" anauliza. "Kesho utahamishwa, atakuja mwingine, atasema chooni panafaa. Andika dirisha. Andika sakafu ya saruji. Andika kwamba mtu anakaa hapo mpaka taa iwe ya kijani, na analipwa kwa kukaa."

Meneja anasema hilo hawezi kuliamua peke yake, mpaka awaulize wakubwa, na kwamba jibu litatoka Jumatatu. Hakumwambia arudi kazini, wala hakumwambia asirudi. Mpaka makala haya yanakwenda mitamboni, karatasi bado iko mezani kwake, haina saini. Mwandishi alipomfuata meneja, alisema kwa ufupi kwamba usalama wa wafanyakazi ni jambo ambalo kampuni inalizingatia, akaomba radhi kwamba ana haraka.

Nje, habari imeshamtangulia Mama Redio. Waashi wawili wanamzuia njiani na kumwonyesha rundo la tofali zenye pembe zilizovunjika, ambazo hazifai kwa kuta za jengo. Kesho Jumapili wako tayari kuja, wanasema, bila malipo, yeye awaonyeshe tu mahali. Anawaambia bado, wasubiri. Hataki chumba cha kuibia ibia kinachoweza kubomolewa kwa simu moja. Anakitaka kiandikwe.

Na kikishaandikwa, ana mipango mikubwa zaidi. Anataka kila saiti ya kampuni hii iwe na mtu wa redio, na watu hao awafundishe yeye mwenyewe, siku tatu, kigae kwa kigae. Wa kwanza ameshampata. Ni mdogo wake, ambaye mikono yake ni mizima na masikio yake ni mazuri. "Kukaa na kutazama taa hakuhitaji miguu miwili," anasema.

Na wakikufukuza Jumatatu?

"Thubutu! Wanifukuze, waandike wao kwamba wamenifukuza, na waandike kwa sababu gani. Mambo ya hiari yangu wasahau." Anachomeka betri ya kwanza ya mchana, anavuta kiti na kuketi kuitazama taa nyekundu. "Saini yangu ni sekunde tatu tu, na mkono ninao. Meneja aandike dirisha kwanza."